Nimeshtakiwa kwa Kumpiga Mke wa Maigizo

Wana grupu, leo uso wangu nimeuacha kwenye mlingoti wa bendera ya shule. Nimerudi nyumbani bila uso. Naandika nimekaa kitandani, miguu imejaa vumbi, shavu bado lina majivu, na simu nimeizima sauti kwa sababu walimu wenzangu wameshaanza kunitumia picha za ng'ombe. (Weusi. Mtaelewa huko mbele.)

Nianzie mwanzo, maana mtu akisikia mwisho peke yake atadhani nilikuwa nimelewa.

Mnanijua. Mwalimu Boay, mtoto wa kijiji cha Masieda, mtu wa mahindi na maharage. Nafundisha Kiswahili huku chini Hanang, upande wa Hirbadaw. Jina la shule siandiki. Mkuu wa shule naye ana simu.

Mnajua pia kwamba tangu nitoke kwenye ile semina ya mbinu shirikishi nimekuwa kero. Nilikwenda mwalimu wa kawaida, nikarudi mtume. Siku tatu za chai na maandazi, nikarudi na cheti na karatasi kubwa nne za kubandika ukutani, nikatangaza ofisini kwamba fasihi haikaririwi, fasihi inatendwa. Niliwatangazia asubuhi, nikawatangazia mchana. Ikafika mahali mwalimu wa hesabu akiniona naingia anaanza kutafuta chaki ambayo anayo mkononi.

Lakini mbinu yenyewe ilifanya kazi. Hilo silifuti hata baada ya yaliyonikuta. Kidato cha Tatu B kuna binti anaitwa Paskalina. Mwaka jana wote ukimwita jina anaitika kwa kuinamisha kichwa. Ukimwuliza swali anatazama dirisha mpaka uchoke wewe. Nilipoanza maigizo nikampa nafasi ya jirani mmbea, mistari miwili tu. Yule mtoto akasema mistari yake miwili, akaongeza sita ya kwake, akamalizia kwa kumsonya mwenyekiti wa kijiji. Darasa zima hoi. Tangu siku hiyo ananyoosha mkono kwenye kila kipindi, mpaka fizikia, ambako jibu hana.

Mkuu wa shule yeye hakumwona Paskalina. Aliona kelele. Wiki iliyopita akaniita ofisini.

"Mwalimu Boay, Jumatano anakuja mthibiti ubora. Ataingia kwenye kipindi chako. Akiridhika, endelea na ngonjera zako. Asiporidhika, unarudi ubaoni, unaandika notsi, watoto wananakili. Kimya."

Alilitamka hilo neno kimya kwa mapenzi kabisa.

Kwa hiyo leo ilikuwa ni hivyo: maigizo yafe au yaishi. Mambo yakiharibika, Paskalina anarudi kutazama dirisha. Na mimi mwenyewe, nisiwafiche, nilishajiona nawafundisha walimu wa kata nzima, nimevaa koti, nimeshika kalamu nene ya kuandikia kwenye zile karatasi.

Nikaandika mchezo kwa mkono wangu. Dhamira: ukandamizaji wa mwanamke. Mume mlevi anarudi nyumbani, mke wake ana mtoto mchanga wa siku nne. Mume anadai chakula, chakula hakipo, anampiga mke. Mke analia. Majirani wananyamaza. Mwisho. Notsi zangu zinasema hivyo huu mwaka wa tano: jamii hunyamaza mbele ya ukatili. Mwanafunzi akiandika hivyo nampa alama mbili, tunakwenda mbele.

Jumatatu nikagawa nafasi. Mke akawa Paskalina, aliyekuwa amenyoosha mikono yote miwili. Mtoto mchanga akawa boga la bustani ya shule, limefungwa kwenye kanga. Mume nikampa Gidamis, kijana mrefu kuliko mlango wa darasa, sauti nzito, mtoto wa wafugaji wa hapahapa. Nafasi ilikuwa yake kabisa.

Gidamis akasimama. "Mwalimu, mimi hapana."

"Kwa nini?"

"Huyo mama ana mtoto mchanga."

"Ni boga, Gidamis."

"Ndiyo mwalimu. Lakini kwenye mchezo ni mama wa mtoto mchanga. Kwetu hapigwi. Hata nyumbani kwake mwanaume haingii ovyo. Bibi yangu akisikia nimefanya hivyo, hata kwa mchezo, sitalala nyumbani."

Nikamwita wa pili. Hapana. Wa tatu, hapana. Wa nne akaomba ruhusa ya kwenda chooni na hakurudi. Wavulana kumi na tisa, wote wameinamia madaftari.

Sasa mtu mwenye akili hapo angeuliza. Angesema, vijana hawa wamezaliwa hapa, mimi nimekuja na basi, ngoja wanieleze vizuri. Lakini mimi nilikuwa na cheti. Nikawapa hotuba ya dakika kumi kwamba sanaa haina woga, na kwenye daftari la tathmini nikaandika: "Wavulana wana aibu ya jukwaani. Washughulikiwe." Halafu nikasema maneno yaliyonifikisha hapa nilipo.

"Basi mume nitakuwa mimi."

Gidamis akanitazama kwa huruma. Nikadhani ni heshima.

Leo sasa. Mthibiti kafika saa nne, mama mtu mzima, miwani ina mnyororo, fomu zake kwenye faili gumu. Shikamoo, marahaba, chai. Nikamwambia kipindi changu kitakuwa nje, nyuma ya darasa, kwenye mazingira halisi. (Hayo maneno nayo ni ya semina.) Nyuma ya darasa letu kuna uwanja mdogo, halafu uzio wa miiba, halafu bomba la maji ambako akina mama wa vijiji vya jirani wanakuja na punda kuchota. Niliwaona pale na madumu yao. Nikafurahi. Nikasema moyoni, hadhira hiyo.

Nilijiandaa kweli. Suruali nimeikunja mpaka magotini. Pekupeku. Shuka begani. Majivu usoni, nionekane mtu aliyelala jikoni. Chupa ya maji mkononi badala ya pombe. Nikajitazama kwenye kioo cha pikipiki ya mwalimu wa hesabu na nikaridhika na nilichokiona.

Nikamnong'oneza Paskalina, "Ukianza kulia, lia mpaka wasikie mjini Katesh."

"Sawa mwalimu," akasema.

Nikaingia napepesuka. Wanafunzi wakacheka. Mthibiti akaandika. Nikadai ugali. Nikaitukana sufuria. Nikageuka kidogo kuona kama mthibiti bado anaandika. Anaandika. Nikapandisha sauti. Nilikuwa na fimbo, na kila nikiiinua napiga ndoo ya plastiki iliyofichwa nyuma ya Paskalina, paa, paa, ili mlio utoke. (Paskalina hakuguswa hata pindo la kanga. Naomba liingie kwenye kumbukumbu, maana huko vijijini halijaingia.)

Na Paskalina akalia.

Jamani, yule mtoto alilia. Mimi mwenyewe nilisimama kwanza. Alimwita mama yake, akamwita bibi yake, halafu akahamia Kidatoga, lugha ya wafugaji wa hapa, maneno ambayo mimi sikuyaandika popote. Nimekuja kuambiwa baadaye kwamba alikuwa anawaita wanawake waje. Ngozi ilinisisimka, na mimi ndiye mwenye fimbo. Mbwa wa mlinzi akaanza kubweka. Dirisha la ofisi ya mkuu wa shule likafungwa. Nililiona likifungwa, taratibu, mkono wa shati la bluu.

Nikasema leo ni leo. Nikapiga ndoo mara ya tano.

Kule bombani nikasikia madumu yanaanguka. Sikugeuka. (Msanii hageuki, tulifundishwa.) Niliona tu macho ya wanafunzi yanahama kutoka kwangu yanakwenda nyuma yangu, na Gidamis ameshika kichwa kwa mikono miwili. Nikadhani mchezo umewaingia.

Halafu nikasikia bangili. Nyingi, na zinakimbia.

Wa kwanza aliuruka uzio. Mama wa makamo, uzio wa miiba, kauruka. Wengine wakazunguka. Kufumba na kufumbua nimezingirwa. Mmoja kaninyang'anya fimbo, mwingine kanishika shuka hapa kwenye koo, wa tatu kamkimbilia Paskalina kumkinga. Katika vuta nikuvute hiyo Paskalina akamwachia mtoto.

Boga likaanguka. Likapasuka katikati.

Akina mama wote wakaitazama ile kanga chini. Mbegu zikaanza kumwagika. Mama mmoja, aliyekuwa ameshajiziba mdomo kwa kiganja, akainama polepole, akaokota mbegu moja, akaigeuza, akamwonesha mwenzake.

Hapo ndipo akafika bibi mmoja, mwisho wa wote, haharakishi, fimbo yake mkononi. Gidamis akajificha nyuma ya wenzake, na urefu ule. Nikajua huyo ndiye bibi yake.

"Shikamoo bibi," nikasema. Nimekabwa, majivu usoni, magoti nje, lakini malezi ni malezi.

"Marahaba. Wewe nani?"

"Mwalimu wa Kiswahili."

Akanitazama kuanzia vidole vya miguu mpaka majivu. "Mwalimu," akasema.

Nikaanza kujieleza. Nikasema ni maigizo. Nikasema ni fasihi. Nikasema ni mbinu shirikishi. Mnajua hilo neno lilivyokuwa tamu pale semina? Liseme ukiwa umekabwa. Bahati nzuri Paskalina, machozi yameshakauka, akawaeleza kwa lugha yao: huyu ni mwalimu wetu, tunacheza, amepiga ndoo. Akawaonesha ndoo. Nikasikia mkono wa kooni unalegea. Mmoja akaanza kucheka. Nikasema asante Mungu, nimepona.

"Sawa," bibi akasema. "Ni mchezo. Tumeelewa. Sasa tunakaa."

Sikuelewa. Wakaondoka pale wote, wakaenda mbele ya shule, wakakaa chini kuuzunguka mlingoti wa bendera, fimbo zao mbele yao. Mimi nikaoneshwa pa kukaa: mbali kidogo, juani, chini. Madirisha ya madarasa yote yakajaa vichwa. Mthibiti akabeba kiti chake akaja nacho, akakaa pembeni, akafungua ukurasa mpya.

Gidamis akanisogelea kwa kunyata. "Mwalimu, hilo ni baraza la akina mama. Mwanaume akimkosea mama mwenye mtoto mchanga, wao ndio wanamhukumu. Hata mzee mwenye ng'ombe mia anakaa hapo ulipokaa."

"Lakini ni boga," nikasema.

"Nilikuambia Jumatatu, mwalimu."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi sikusikia la Kidato cha Tatu B.

Hapo mkuu wa shule akatoka ofisini, shati la bluu limechomekwa vizuri, tabasamu la kupokelea wageni. "Akina mama karibuni sana, ila kuna utaratibu wa kuonana na uongozi wa shule."

Bibi hakuinuka. "Wewe ulisikia binti analia?"

"Nilisikia kama..." Mkuu akakohoa. "Nilidhani ni mazoezi."

"Ulijua ni mazoezi, au ulidhani?"

"Nilidhani."

"Ukafanya nini?"

Mkuu akatazama dirisha lake. Mimi nikatazama dirisha lake. Mthibiti akatazama dirisha, akaandika. Mstari mrefu.

"Kaa pale na mwenzako," bibi akasema.

Na akakaa. Mkuu wa shule, suruali ya kitambaa, kwenye vumbi, bega kwa bega na mimi, mbele ya wanafunzi wote. Yeye alikuwa anatazama mbele, mimi nilikuwa nahesabu vidole vya miguu yangu.

Wakajadiliana kwa lugha yao muda mrefu. Kuna mahali walicheka wote, na mmoja akaigiza kupepesuka kwangu, tena akaniigiza vizuri kuliko nilivyoigiza mimi. Halafu bibi akageuka.

"Faini ni dume la ng'ombe. Mweusi. Asiwe na doa."

"Bibi, mimi nina kuku wawili."

"Kwenu wapi?"

"Masieda."

"Masieda hakuna ng'ombe?"

"Wapo wa baba."

"Basi una baba," akasema, na wenzake wakaitikia kwa vichwa.

Nikafikiria kumpigia simu mzee wangu. Shikamoo baba, naomba dume jeusi, nimempiga mke ambaye sina, na mtoto wetu alikuwa boga. Yule mzee alinisomesha mpaka chuo ili nisimuaibishe. Wana grupu, nikatafuta cha kunywa. Chupa yangu ya pombe ilikuwa na maji na nilikuwa nimeiacha kule nyuma.

Bibi akawa bado ananitazama. "Huo mchezo wako unaishaje?"

"Mke analia, bibi. Halafu basi."

"Majirani wako wapi?"

"Wapo. Wananyamaza."

"Kwa nini?"

Nikafungua mdomo. Jibu ninalo, miaka mitano nalitoa, lina vipengele vinne. Likagoma kutoka. Mbele yangu wamekaa wanawake kumi na wawili walioacha maji yao yakimwagika, mmoja mguu unatoka damu kwa sababu ya miiba ya uzio wetu.

"Ndivyo ilivyoandikwa, bibi."

"Nani kaandika?"

"Mimi."

"Basi hawakunyamaza. Wewe umewanyamazisha."

Nilisikia aibu, na safari hii haikuwa ya magoti. Nimesahihisha hiyo hoja kwenye mamia ya karatasi, nikaipa vema nyekundu, na sijawahi kuuliza hiyo jamii niliyoiandika ni akina nani na wanachota maji wapi.

Ndipo Paskalina, kule nyuma, akanyoosha mkono. Pale pale, mbele ya baraza, kanyoosha mkono na kusimama wima kama yuko darasani. "Mwalimu, sasa kwenye mtihani tuandike nini?"

Bibi akauliza mtoto anasema nini. Mwenzake akamtafsiria. Wote wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mthibiti akavua miwani akafuta macho. Mkuu wa shule naye akajaribu kucheka, bibi akamtazama, akaacha.

Wakanong'onezana mara ya mwisho. Hukumu ikatoka, na naiandika hapa kama nilivyoisikia. Dume tumesamehewa, kwa sababu aliyeumia ni boga. Lakini mchezo umeharibika na lazima urudiwe, Jumatano ijayo, saa za kuchota maji. Mume ni mimi. Mke ni Paskalina. Majirani wataigiza wao wenyewe, na hawahitaji karatasi ya maneno. Mkuu wa shule atakaa ofisini kwake aigize mtu anayefunga dirisha. Baadaye wataamua afanywe nini.

"Mkuu, unakubali?" mthibiti akauliza, kalamu juu ya fomu.

"Maigizo yaendelee," akasema mkuu wa shule, kwa sauti ya mtu anayemeza mfupa. Paskalina akapiga makofi peke yake, halafu shule nzima ikafuata.

Akina mama wakainuka, wakarudi kwenye punda wao. Mtoto aliyepasuka wakamchukua wakaenda kumpika. Nimetakiwa nilete mwingine.

Mthibiti kabla hajapanda gari akanionesha fomu yake. Ushirikishwaji wa jamii: umevuka kiwango. Mavazi ya mwalimu: yaboreshwe. Akanipa mkono, akajifuta majivu kwenye sketi, akaondoka.

Basi ndiyo hivyo. Maigizo yamepona, mimi ndiye sijui. Jioni nimemfuata Gidamis nikamwomba, kwa unyenyekevu, achukue nafasi ya mume. Amekataa, tena kwa shikamoo na heshima zote. Mwalimu wa hesabu amekataa kabla sijamaliza sentensi. Kwa hiyo kabla hujacheka, fikiri: nafasi bado iko wazi, na wewe una mwili mzuri tu.

Walipokuwa wanaondoka nilimuuliza bibi kama nitafute fimbo za kutosha kwa ajili ya majirani. Kasema nisihangaike, watakuja nazo. Nikamuuliza kama zitakuwa za maigizo. Akaipima yake mkononi, akamfuata punda wake.